Mstari wa 98

Mama alikuwa haachi mstari katikati. Hata umwite vipi, hata mlango ugongwe, anakujibu "subiri nimalize mstari" na utasubiri kweli, kwa sababu hainui macho mpaka kitanzi cha mwisho kihamie sindano ya pili. Mi mwenyewe alinifundisha hivyo nikiwa na miaka tisa, akanambia ukiacha katikati vitanzi vya pale ulipoishia vinavutika, alafu ukirudi kesho unaweza usijue ulikuwa unaelekea upande gani ukafuma kurudi ulikotoka. Kwa hiyo siku nilipofungua ule mfuko wake wa kitambaa nikakuta sweta bado liko kwenye sindano, vitanzi 51 sindano ya kulia na 71 sindano ya kushoto, nilikaa chini hapo hapo sakafuni. Yaani katikati kabisa ya mstari.

Alifariki 2021. Mfuko ulikaa juu ya kabati miaka mitatu na wote tulijua kilichomo, sweta la baba, rangi ya bluu iliyokolea ile inayokaribia kijivu. Tulijua kwa sababu kipande cha mgongo alipokimaliza alikuwa anambandika baba nacho mgongoni kila siku ya pili, "simama wima, usivute tumbo", na baba anasimama. Hakuna aliyeuliza litaishia wapi. Nadhani kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aseme.

Nilipolishusha nilitoa vitu kimoja kimoja nikavipanga kitandani. Kipande cha mgongo kimekwisha, kimekunjwa. Kipande cha mbele kimefika karibu na makwapa. Mikono hamna, haijaanzwa. Madonge manne ya uzi mazima na moja lililoanzwa, kijipande kidogo cha majaribio kama kiganja, lebo tatu za uzi zimebanwa na pini, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne yenye mwandiko wake. Imeandikwa: Kifua 42. Sindano 8. Vitanzi 123. Mgongo umekwisha. Mkono pima tena. Chini yake kuna vistari vya kuhesabia, vile vinne vimesimama na cha tano kinavikata, mafungu kumi na nane na vistari vinne pembeni. Ni 94.

Nikahesabu kwenye kitambaa chenyewe, mara tatu, nikiwa natumia ncha ya sindano nyingine kugusa kila mstari. Nikapata 97 na huo wa 98 ulioishia njiani. Maana yake mistari mitatu ya mwisho alifuma bila kuiandika, na mama alikuwa ni mtu anaandika, kila mstari, kalamu ilikuwa inakaa nyuma ya sikio. Ile mistari mitatu isiyoandikwa ndiyo iliyonifanya niamue, sijui nieleze vipi, ila nilijua kwamba sitaliacha lirudi juu ya kabati.

Dada yangu alisema tuwape watu wanaojua wamalizie. Na kweli wapo, kuna mradi ulianzia Marekani 2022 unaitwa Loose Ends, walioanzisha ni marafiki wawili, Masey Kaplan na Jen Simonic, wanachukua kazi za mikono zilizoachwa na watu waliofariki au walioshindwa kuendelea kwa ugonjwa, wanawatafutia fundi wa kujitolea mwenye ujuzi wa aina hiyo anaimaliza bure alafu inarudi kwa familia. Niliposoma habari zao nililia, kwa sababu nilikuwa nafikiri ni sisi tu wenye mfuko juu ya kabati, kumbe ni jambo la watu wengi kiasi kwamba limetafutiwa utaratibu. Kama hujui kufuma na una kitu cha namna hii ndani, ni njia nzuri na ya heshima. Lakini mi najua kufuma. Si kama mama, ila najua, na alinifundisha yeye.

Mtu mwingine, mama mmoja fundi haswa ambaye namheshimu sana, alilishika akalipeleka kwenye mwanga akalivuta kushoto kulia akanambia kitu cha kweli kabisa. Alisema mikono miwili haifumi sawa, hata mkiwa na uzi mmoja na sindano moja, nusu ya chini itakuwa yake na nusu ya juu yako na mpaka utaonekana kama mkanda. Ushauri wake ni kufumua kipande cha mbele chote, kuosha uzi unyooke, kuanza upya kwa mkono wangu peke yangu. Uzi si utakuwa ni ule ule, alisema, uzi wa mama yako. Kiufundi hana kosa hata kidogo. Nilimshukuru. Nikarudi nalo nyumbani nikijua sitafumua, maana uzi hata dukani upo, mi nilichokuwa nakitaka ni namna ulivyopita kwenye vidole vyake.

Kwa hiyo nikaanza polepole. Kitu cha kwanza, kabla hujagusa chochote, piga picha, piga nyingi, mbele na nyuma na pale sindano zilipo, kwa sababu ukishasogeza kitu kimoja hukumbuki tena kilivyokuwa. Cha pili nilichukua uzi mwembamba wa pamba mweupe nikaupitisha kwa sindano butu ndani ya vitanzi vya mstari wa 97 vyote, nikauacha humo. Huo ni uzi wa kinga, hata kazi ikichomoka kwenye sindano au ukiharibu ukalazimika kufumua, inafumuka mpaka hapo inasimama. Kama unarithi kazi ya mtu usifume hata kitanzi kimoja kabla ya kuweka huo uzi, nakuomba sana.

Cha tatu ni nondo. Kipande cha mgongo kilikuwa na matundu mawili madogo, na watu wanafikiri ni yule nondo anayeruka ndiye anakula, hapana, ni viwavi vyake, wanakula sufu wakiwa wadogo, mkubwa hali nguo kabisa. Ukiona tundu moja jua inawezekana mayai bado yapo. Niliweka kila kitu kwenye mifuko ya plastiki nikafunga vizuri nikaiweka kwenye friza wiki nzima, nikatoa, nikapiga brashi taratibu. Yale matundu niliyaziba kwa kufuatisha njia ya uzi kwa sindano ya kushonea, kitanzi kwa kitanzi, sasa hivi hata mi mwenyewe natafuta siyaoni.

Sindano zilinisumbua kuliko nilivyotegemea. Sikutaka kutoa kazi kwenye sindano zake kabla sijajua mkono wangu ukoje, nikataka nyingine za kujaribia. Karatasi inasema 8, na kwenye kichwa cha sindano zake za kijivu imegongwa 8, nikaagiza namba 8. Zikaja nene kama kalamu ya kuandikia ubaoni. Ndo nikajifunza kwamba namba za sindano zina mitindo yake. Siku hizi nyingi zinapimwa kwa milimita, na nilizoletewa ni za milimita 8. Zile za mtindo wa zamani wa Uingereza zinakwenda kinyume, namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, 8 yao ni milimita 4, 10 ni 3.25, 14 ni 2 tu. Alafu Marekani nao wana namba zao, 8 yao ni milimita 5. Kwa hiyo ukikuta karatasi ya marehemu imeandikwa namba tu bila milimita usiiamini peke yake, chukua rula upime sindano yenyewe, au tumia kile kibao chenye matundu cha kupimia sindano.

Nikapata za milimita 4, nikafuma kipande cha majaribio kwa uzi wa donge lililoanzwa. Kile cha kwake kilikuwa na vitanzi 22 ndani ya sentimita 10. Changu vikatoka 24. Vitanzi viwili vinaonekana si kitu, ila piga hesabu, vitanzi 123 kwa mkono wake vinatoa upana kama sentimita 56, kwa mkono wangu vinatoa 51. Sentimita tano zinapotea katikati ya kifua cha mtu. Sweta lingebana kuanzia pale mama alipoishia, kama mtu kalifunga kamba.

Na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukielewa. Mgongo umetulia kama maji, ndani na nje. Lakini kipande cha mbele ukikigeuza upande wa ndani kina mifereji, kila baada ya mistari miwili kuna kijishimo kirefu kinakwenda toka ubavu hadi ubavu, unaweza kukifuata kwa ukucha. Nilijua sababu yake ya kiufundi, ni mistari ya nyuma kulegea kuliko mistari ya mbele. (Kwa asiyefuma, sweta la kawaida unafuma mstari mmoja wa mbele, ule unaotoa sura laini, ukigeuza unafuma wa nyuma, ule wa vinundu, mmoja mmoja hivyo hadi mwisho.) Kilichonishangaza ni kwamba mama hakuwa na tatizo hilo, miaka yote, nina masweta yake ya toka utotoni na hakuna lenye mifereji. Nikajiambia ni ugonjwa, alikuwa ameshachoka. Nikakaa na jibu hilo wiki kadhaa na lilikuwa linaniumiza, kila nikiligusa naona nagusa uchovu wake.

Alafu mdogo wangu akanitumia video.

Hakunitumia kwa ajili ya hili, alikuwa anasafisha simu yake ya zamani akakuta video ya mwanae anatambaa akaituma kwa kila mtu. Ina sekunde 43. Mtoto yuko katikati anatambaa kuelekea kwenye kamera, na nyuma kushoto, nusu ya mwili imekatwa na ukingo wa picha, mama amekaa anafuma. Sweta la bluu. Hasemi kitu, anamwangalia mjukuu, mikono inaendelea.

Niliitazama kwanza kama mtu anayemwona mama yake. Mara ya nne au ya tano ndo nikaona mkono. Uzi uko mkono wa kushoto.

Mama alinifundisha kushika uzi mkono wa kulia. Uzi unapita kwenye vidole vya kulia, unauzungusha kwenye ncha ya sindano kila kitanzi, na ndivyo nilivyomwona akifanya maisha yangu yote, ndivyo nifumavyo mpaka leo. Kuna mtindo mwingine wa kushika uzi kushoto, uzi umekaa juu ya kidole cha shahada cha kushoto na sindano ya kulia inauchota tu, mkono wa kulia haufanyi kazi kubwa. Watu wengi wanafuma hivyo na ni mtindo mzuri, una kasi. Lakini mama hakuwa mtu wa mtindo huo. Nikapunguza kasi ya video mpaka ikawa picha moja moja, nikaona kidole chake cha kushoto kinashuka kuusukuma uzi chini, kinapanda, kinashuka, na cha kulia cha shahada kimenyooka pembeni, hakikunji, kimekaa tu juu ya sindano kama kitu cha mtu mwingine.

Nikampigia mama mdogo usiku huo huo. Akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Kwani hukujua? Kidole kile kilikuwa kinamkakamaa. Asubuhi hakikunji kabisa, mpaka akikande." Akaniambia mama alianza kuumwa nacho akiwa katikati ya sweta hilo, mgongo ulishakwisha, na kwa sababu kuuzungusha uzi kwa mkono wa kulia kulishakuwa mateso akajifundisha upya, akiwa na miaka 61, akawa anakaa peke yake chumbani anajaribu mkono wa kushoto ili tusione. Alimkataza mama mdogo asituambie. Alisema baba akijua atamwambia aache kufuma.

Nilikuwa naishi dakika ishirini kutoka kwake. Nilikuwa namwona karibu kila wiki. Na sikuwa najua mama yangu anashikaje uzi.

Basi mifereji nikaielewa. Anayefuma kwa mkono wa kushoto akiwa bado mgeni, mstari wa mbele haumpi shida, unauchota uzi basi, ila mstari wa nyuma ndo mtihani, uzi lazima uusukume kwa kidole upite mbele ya sindano na unaelekea kulegea, hata mafundi wengine linawasumbua. Ndo vile vijishimo. Haukuwa uchovu, na kama ugonjwa ulikuwepo haukuwa peke yake. Ni mwanafunzi. Kipande cha mbele chote ni daftari la mtu anayejifunza, na ukitazama vizuri toka chini kwenda juu unaona alikuwa anapata nafuu, mifereji ya mstari wa 20 ni mirefu kwenda chini kuliko ya mstari wa 80. Alafu ile mitatu ya mwisho isiyoandikwa inalegea tena, hiyo sitaisemea.

Na ukiangalia alipoishia, mstari wa 98, ni namba shufwa, ni mstari wa nyuma. Alisimama kwenye mstari ule mgumu.

Kuanzia hapo nilijua nifanye nini. Sikuwa tena natafuta namna ya kuufanya mkono wangu ulegee kwa sindano kubwa zaidi, ambayo ndiyo njia ya haraka na wengi wangeniambia hivyo. Nikahamisha uzi mkono wa kushoto. Siku za kwanza nilikuwa nashindwa hata vitanzi kumi, uzi unateleza, kidole kinauma kwenye kifundo, nafuma kipande nafumua, nafuma nafumua, uzi wa pembeni sio wake. Niliiweka ile video kwenye simu mbele yangu inajirudia. Nikaona kwamba anauzungusha uzi mara mbili kwenye kidole kidogo kwanza, ndipo unapanda juu, nami nikafanya hivyo na ukaacha kuteleza. Kwenye video kuna sehemu, sekunde ya 31, anaacha, anakunja mkono wa kulia na kuukunjua, anaendelea. Nilikuwa nikifika hapo na mi nakunja mkono na kukunjua.

Ikachukua wiki sita, jioni baada ya kazi. Nikapima: vitanzi 22 na nusu hivi kwa sentimita 10. Nikageuza nyuma. Mifereji. Ile ile, imejaa, kwa sababu na mi sasa nilikuwa mgeni wa mkono wa kushoto kama yeye.

Kabla ya kuendelea na mstari kulikuwa na mambo mawili ya kuamua. Kwenye mistari ya mwisho kulikuwa na kitanzi kimoja kimedondoka, kimeshuka mistari sita, kimeacha ngazi, ndiyo maana sindano ya kushoto ilikuwa na 71 badala ya 72. Hicho nilikipandisha kwa sindano ya kroshia, kamba moja ya ngazi baada ya nyingine mpaka juu, kwa sababu kingeachwa kingeendelea kushuka mpaka chini kabisa na kazi yake ingekwisha. Na kulikuwa na vitanzi vinne vimejipinda, vimefumwa kwa mgongo badala ya uso. Hivyo havidhuru kitu, vinaonekana tu kwa mtu anayejua. Vile nimeviacha. Kuna watakaosema nirekebishe, ni sawa, kila mtu na moyo wake, mi niliona ngazi ni jeraha linaloendelea lakini kitanzi kilichopinda ni namna alivyokaa siku hiyo.

Usiku wa kuendelea mstari wa 98 nilizima kila kitu. Nilishika sindano zake, sio zangu. Vile vitanzi viwili vya pale alipoishia vilikuwa vimevutika kama alivyokuwa anasema, miaka mitatu vimekaa wazi, nikavuta ule ulegevu kwa ncha kidogo kidogo nikaugawa kwa majirani mpaka vikalingana. Alafu nikafuma vitanzi 72. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Katikati simu ya dada ikaita na sikupokea, nikajisikia nasema subiri nimalize mstari, nasema peke yangu chumbani. Nilipofika mwisho nikachukua karatasi yake nikaandika vistari, nikaanza na vile vitatu vyake ambavyo hakuviandika, alafu cha nne.

Baada ya hapo kazi ilikwenda, siwezi kueleza kila kitu. Kufikia mstari wa 110 mkono ulikuwa umeshazoea na kufikia wa 115 mifereji ikawa inapotea yenyewe bila mimi kutaka, na nilihuzunika, nilijaribu hata kulegeza makusudi ikawa mbaya nikaacha. Nikapunguza makwapa kwa kufuata mgongo wake, nikagawa shingo.

Uzi haukutosha. Nilihitaji kama madonge saba na nilikuwa nayo manne na kitu. Zile lebo alizobana na pini ndo ziliniokoa, maana lebo ya uzi ina namba mbili, ya rangi na ya mkupuo, yaani sufu iliyochovywa pamoja kwenye rangi mara moja. Namba ya rangi niliipata, mkupuo wake haupo tena popote, umeshaisha siku nyingi. Uzi mpya ukiuweka peke yake unaona ni ule ule, ukiuweka kando ya wa mama ni mweusi kidogo. Dawa yake ni kutokubadilisha kwa ghafla. Kifua nilikimaliza kwa uzi wa mama mtupu, na kwenye mikono nikafuma mistari miwili kwa donge la zamani, miwili kwa donge jipya, hivyo hivyo kuanzia kiwiko hadi begani, na macho hayapati mahali pa kushika.

Mikono yenyewe, karatasi ilisema pima tena. Nikaenda kumpima baba. Sikumwambia ni ya nini, nilisema nyoosha mkono, akanyoosha. Urefu haujabadilika, ila baba amepungua, kifua kilichokuwa 42 sasa ni 38, na nilisimama pale na futi ya kupimia nikiwa sijui nimfumie yupi, huyu aliyepo au yule ambaye mama alikuwa anamzungusha na kumwambia asivute tumbo. Vipande vya mwili vilishafumwa kwa 42. Nikaamua mikono nayo iwe ya 42. Litampwaya, nikasema, na lipwaye, lina nafasi ya nguo nyingine ndani.

Ilichukua miezi mitano jumla. Nililoweka kwenye maji ya vuguvugu, sio ya moto, sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa inagandamana inakuwa kama kapeti na hairudi, nikalikamua kwa kulivingirisha kwenye taulo, nikalilaza bapa nikalipanga kwa pini mpaka likakauka. Nikashona mabega, mikono, mbavu. Ule uzi wa kinga mweupe wa mstari wa 97 nikauvuta taratibu ukatoka wote kwa mara moja, na kuanzia hapo hata mi nikitaka kujua mpaka ulipo lazima nihesabu kutoka chini.

Nilimpelekea baba jioni. Nilimwekea magotini tu, sikuwa na maneno. Alilitazama muda mrefu. Hakulivaa, alilipindua, akalitoa ndani nje, akaanza kulipapasa kwa kidole kimoja kuanzia chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayesoma.

"Hapa vidole vilikuwa vinamuuma," akasema.

Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua, baba?"

"Nilikuwa namwona usiku anakunja, anakunjua. Hakutaka nijue, mama. Nikamwacha."

Kidole kikaendelea kupanda, kinapita kwenye mifereji, kikafika mahali kikasimama, kikarudi chini kidogo, kikapanda tena kuhakikisha. "Na hapa ndipo alipoishia," akasema. "Kuanzia hapa ni wewe."

Nikaangalia kidole. Kilikuwa kwenye kazi yangu, mstari wa 113 au wa 114 hivi, karibu na kwapa, upana wa vidole vitatu juu ya pale mama aliposimama. Nikanyamaza. Akaligeuza likarudi upande wake, akanyanyua mikono juu kama mtoto ili nimvalishe, nikamvalisha, nikamweka sawa shingoni.